Kichocheo Kinasingiziwa

Chukua makala yoyote ya kisayansi iliyoandikwa miaka hii ishirini kuhusu sodiamu borohidridi na seli za mafuta. Huna haja ya kuvuka aya ya kwanza. Utaambiwa kwamba chumvi hii nyeupe imebeba hidrojeni nyingi, kwamba ikikutana na maji huiachia bila moto wala mitungi ya shinikizo kubwa, na kwamba gesi inayotoka ni safi, inaingia moja kwa moja kwenye seli ikatoa umeme. Kisha inakuja "lakini". Lakini vichocheo vinavyofanya kazi hiyo vizuri, platini na rutheni, ni adimu na ghali. Kwa hiyo teknolojia imekwama. Kwa hiyo sisi waandishi tumetengeneza kichocheo cha bei nafuu, cha kobalti na boroni, tukakipaka juu ya kaboni, au juu ya udongo, au juu ya maganda ya mmea fulani yaliyochomwa. Matokeo yanatia moyo. Utafiti zaidi unahitajika.

Aya hiyo imenakiliwa mara nyingi mno hata hakuna anayeuliza tena kama ni kweli. Mimi nauliza, na jibu langu ni kwamba si kweli. Kichocheo hakijawahi kuwa ndicho kinachozuia hidridi za kikemikali kama chumvi hii zisiendeshe magari wala mitambo. Kinachozuia kiko kwenye njia ya kurudi: yale mabaki yanayokaa ndani ya tangi baada ya hidrojeni kutoka, na gharama ya kuyarudisha kuwa mafuta. Wanakemia wengi wanalijua hilo. Bado kila mwaka wanaandika makala nyingine ya kichocheo, na ndiyo maana naona yafaa kugombana nao hadharani.

Kwanza kemia yenyewe, kwa ufupi. Molekuli moja ya sodiamu borohidridi na mbili za maji hutoa molekuli nne za hidrojeni. Nusu ya hidrojeni hiyo inatoka kwenye chumvi, nusu nyingine kwenye maji, na hapo ndipo penye uzuri wa jambo hili. Kinachobaki ni sodiamu metaborati, jamaa wa karibu wa boraksi. Kwenye karatasi, hidrojeni ni asilimia 10.8 ya uzito wa vitu vilivyoingia. Ni kiwango kinachomfanya mtu yeyote aliyewahi kushughulika na mitungi ya gesi asimame na kutazama mara ya pili.

Habari hii ina umri mkubwa kuliko inavyosimuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Hermann Schlesinger na msaidizi wake Herbert C. Brown walikuwa wakitafuta kampaundi ya urani inayogeuka mvuke kwa urahisi. Vita vilikuwa vimepamba moto na sababu ya kuitafuta haikuhitaji kuelezwa. Walikuwa wakiifuata borohidridi ya urani, na ile ya sodiamu ikapatikana njiani. Kazi ya urani ilipopata njia nyingine, kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani kikaitaka chumvi hiyo ili kutengenezea hidrojeni uwanjani, mbali na viwanda. Wakagundua mara moja kwamba katika maji matupu mambo huanza kwa kasi kisha yakazorota, kwa sababu borati inayoundwa huyafanya maji yawe na ualikali, na katika ualikali borohidridi hutulia. Wakatafuta cha kuisukuma. Wakajaribu asidi, wakajaribu chumvi za metali, na iliyofanya vizuri ilikuwa kloridi ya kobalti.

Kobalti! Kazi hiyo ilikaa kimya kwa sababu ya siri za vita, ikachapishwa mwaka 1953. Yaani kichocheo nafuu cha kobalti na boroni, ambacho leo kinaletwa kama habari njema ya asubuhi hii, kimo katika kazi ya kwanza kabisa iliyoieleza chumvi hii. Mwaka 1962 Brown na mwanawe Charles wakazipanga metali kwa nguvu zake na kuonyesha kwamba rutheni na rodi zinatangulia. Tangu hapo tunajua nani ana kasi, nani ana bei nafuu, na tofauti yao ni kiasi gani. Miaka zaidi ya sitini imepita. Kama kichocheo ndicho kilichokuwa kizuizi, kizuizi hicho kiliondolewa kabla Tanganyika haijaitwa Tanzania.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo isiyoonekana katika aya zile. Seli ya mafuta ya kilowati moja inayofanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 50 inahitaji hidrojeni karibu lita 12 kwa dakika, kiasi cha nusu moli. Tuchukue kichocheo cha rutheni cha kawaida, kisicho cha kujivunia: kila atomu itoe molekuli 100 za hidrojeni kwa dakika. Ili upate nusu moli kwa dakika unahitaji moli 0.005 za rutheni. Hiyo ni nusu gramu. Weka bei ya rutheni dola 20 kwa gramu, umetumia dola 10. Geukia mafuta. Seli hiyo hiyo, kwa saa moja tu, inakula borohidridi gramu 280. Tuseme kilo ni dola 20. Saa moja imekugharimu zaidi ya dola 5. Kabla saa ya pili haijaisha, mafuta yamekwishapita bei ya metali yote "ghali" iliyomo ndani ya kifaa. Fikisha saa elfu moja: dola 5,600 za mafuta, na zile dola 10 za rutheni bado ziko palepale, na kifaa kikichakaa zinaweza kuchujwa na kuuzwa.

Ongeza bei ya rutheni mara tatu. Sema kichocheo kinachoka na unahitaji mara kumi ya kiasi hicho. Picha haibadiliki. Anayejisumbua kuipunguza hiyo dola 10 anafanana na mwenye jiko la mafuta ya taa anayehangaikia bei ya utambi ilhali lita ya mafuta yenyewe imemshinda kununua.

Kwa nini mafuta yawe ghali hivyo? Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapa ndipo wenzetu hupita mbio. Borohidridi nyingi duniani bado inatengenezwa kwa njia ya Schlesinger na Brown: sodiamu inakutanishwa na hidrojeni iwe hidridi, kisha hidridi inakutanishwa na esta ya boroni. Kila molekuli ya borohidridi inadai atomu nne za sodiamu, na tatu kati ya hizo hazimo katika bidhaa. Zinaishia kwenye mabaki. Kwa uzito, kilo moja ya borohidridi inakula kilo 2.4 za sodiamu tupu. Sodiamu tupu nayo haichimbwi popote. Inapatikana kwa kuyeyusha chumvi na kuipitishia umeme, na kila kilo inameza umeme wa karibu uniti 10, uniti hizi hizi tunazonunua kwa LUKU.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu hidrojeni, boroni, joto na mishahara, kilo moja ya borohidridi imekwishabeba uniti 24 za umeme. Inarudisha nini? Kilo hiyo inatoa hidrojeni gramu 213. Ukiipitisha kwenye seli yenye ufanisi wa nusu, unapata uniti tatu na nusu. Unaingiza 24, unatoa tatu na nusu. Uniti 24 hizo hizo ungeziweka kwenye betri ya lithiamu, ungetoa zaidi ya 20. Niambie sasa ni kichocheo gani, cha metali gani, kilichopakwa juu ya maganda gani, kitakachoziba pengo hilo. Hakuna, na hakiwezi kuwepo. Kichocheo kinaharakisha mmenyuko. Hakiongezi hata chembe ya nishati iliyomo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaulizwa hivyo kwenye mtihani.

Kuna wanaosema historia ya magari inathibitisha kinyume. Haithibitishi. Desemba 2001 DaimlerChrysler ilionyesha Natrium, gari la familia la Chrysler Town & Country lililofungwa mfumo wa Millennium Cell, kampuni ya New Jersey. Lilikuwa na uwezo wa kwenda kama kilometa 480 kwa tangi moja. Kichocheo kilikuwemo ndani, kikafanya kazi yake, gari likatembea. Hilo ndilo jambo la kukumbuka: gari lilitembea. Miaka sita baadaye, Novemba 2007, jopo huru lililokusanywa kwa ajili ya Wizara ya Nishati ya Marekani lilipendekeza kazi ya kuichanganya borohidridi na maji ndani ya magari isiendelee. Mwaka uliofuata Millennium Cell ikafunga.

Jopo halikusema vichocheo ni vya polepole. Lilitazama uzito wa mfumo mzima na safari ya mafuta ya kwenda na kurudi, likaona malengo hayajafikiwa na njia ya kuyafikia haionekani. Uzito wenyewe ni somo zuri. Ile asilimia 10.8 ni ya karatasi, ambapo kila molekuli ya chumvi ina maji yake mawili tu. Katika tangi halisi unahitaji maji zaidi, na si kwa ajili ya chumvi inayoingia bali kwa ajili ya mabaki yanayotoka. Katika nyuzi 25, gramu 100 za maji zinayeyusha gramu 55 za borohidridi, lakini za metaborati ni gramu 28 tu. Ukizidisha kama gramu 16 za borohidridi kwa gramu 100 za maji, borati huanza kuganda: inajenga ukoko juu ya kichocheo, inaziba mabomba, inakaa chini ya tangi kama saruji. Na ukibaki kwenye gramu 16, hidrojeni yako ni asilimia 3 ya uzito wa kimiminika. Lengo la wizara la mwaka 2007 lilikuwa asilimia 4.5 kwa mfumo mzima, tangi na pampu zikiwa ndani ya hesabu. Ona basi: hata kikomo cha uzito kimewekwa na borati. Kila ukifuata shida ya hidridi hizi mpaka mwisho wake, unamkuta yeye.

Basi kama hali ni hiyo, mbona makala za vichocheo hazikomi? Sidhani ni ujinga. Ni urahisi. Ili upime kichocheo cha borohidridi unahitaji chupa, beseni la maji ya nyuzi 25, mrija wenye alama za mililita na saa. Unamwaga unga mweusi, mapovu yanapanda, unaandika. Kufikia chakula cha mchana una mchoro wenye mstari ulionyooka. Rudia katika nyuzi 30, 35 na 40, una nishati ya uamilishaji. Rudia mara tano kwa unga ule ule, una aya ya "uimara". Piga picha kwa hadubini ya elektroni, makala imekamilika. Kurudisha borati kuwa borohidridi hakuna raha hiyo. Unahitaji chumba kisicho na unyevu wala hewa, mashine za kusagia, shinikizo, na miezi ya kuambulia patupu. Tume za vyuo zinazohesabu makala wakati wa kupandisha vyeo haziulizi ni ipi kati ya njia hizi mbili ilikuwa na maana.

Na hata ukiyakubali majaribio yale kwa masharti yake yenyewe, yana kasoro zinazokera. Kila kundi linatumia kiasi chake cha chumvi, kiasi chake cha magadi, joto lake, kisha linaweka jedwali la kujilinganisha na wengine kana kwamba wote walipima kitu kimoja. "Uimara" wa mizunguko mitano ni dakika chache za kazi. Kifaa cha kweli kinadaiwa mamia ya saa, na kinachokiua ni ule ukoko wa borati, ambao katika chupa yenye maji tele hauonekani. Halafu kuna joto. Mmenyuko huu unatoa kama kilojuli 210 kwa kila moli ya borohidridi. Kwa kifaa chetu cha kilowati moja, hizo ni zaidi ya wati 400 za joto zinazofoka ndani ya kichombo chenye ukubwa wa kikombe. Maji yanachemka. Katika joto hilo, tofauti ndogo ndogo za kasi zilizopimwa kwa uangalifu katika nyuzi 25, zile zilizompa mtu shahada yake, zinayeyuka zote. Mhandisi anayejenga kifaa hana shida ya kuufanya mmenyuko uende. Shida yake ni kuuzuia usiende zaidi ya anavyotaka, na kuiondoa borati kabla haijawa jiwe.

Najua hoja watakazoleta, na mbili kati yake nazijibu kwa heshima.

Ya kwanza ni ya uhaba. Rutheni inayotoka migodini duniani ni kama tani 30 kwa mwaka, karibu yote ikitoka Afrika Kusini kama mabaki ya uchimbaji wa platini. Kwa hiyo, wanasema, lazima tuhamie kobalti, ambayo ipo tele. Rudini kwenye nusu gramu. Vifaa milioni moja vya kilowati moja vingehitaji nusu tani ya rutheni. Soko lingeyumba kidogo, lisingevunjika. Kwa upande wa pili, nimesikia hoja hiyo hiyo ikivalishwa bendera: eti kobalti ya Kolwezi itapata thamani mpya kama kichocheo cha mafuta ya kesho, na Kongo ijiandae. Kongo inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, zaidi ya tani laki moja kwa mwaka. Tuwe wakarimu, tukipe kila kifaa gramu 10. Vifaa milioni moja vitakula tani 10. Kiasi hicho hakimbadilishii maisha mchimbaji mmoja wa Lualaba, na anayemwambia vinginevyo anamdanganya. Kobalti inakwenda kwenye betri, kwa tani elfu na elfu, na huko ndiko hoja za bei, watoto mashimoni na mikataba zinakopaswa kupiganiwa.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Ipo seli inayotumia borohidridi moja kwa moja, bila kuigeuza hidrojeni kwanza. Myeyusho unapelekwa kwenye anodi, na molekuli moja inaweza kutoa elektroni nane. Volti ya kinadharia ni 1.64, wakati seli ya hidrojeni na oksijeni ina 1.23. Hapa kichocheo ni jambo la kufa na kupona. Ukiweka nikeli au platini, sehemu ya mafuta inageuka mapovu ya hidrojeni na kukimbia, na badala ya elektroni nane unapata nne, au zaidi kidogo. Dhahabu huelekea kutoa hesabu iliyo karibu na nane, lakini kwa uvivu. Anayetafuta anodi inayochukua elektroni zote bila kuruhusu mapovu anafanya kazi halali, na ngumu, nami namvulia kofia. Ila tazama kichekesho kilichopo: kazi yake ni kinyume kabisa cha kazi ya wale wa chupa na mrija. Wao wanashangilia kasi ya mapovu. Kwake kila povu ni hasara. Na hata akifaulu, kwenye tangi lake la mabaki kutakuwa na borati ile ile.

Dhana hii ya kwamba tatizo ni kichocheo ina madhara zaidi pale inapokutana na siasa za rasilimali. Mfano ulio wazi ni Uturuki. Nchi hiyo ina zaidi ya asilimia 70 ya akiba ya boroni iliyopimwa duniani, na kampuni ya serikali, Eti Maden, ndiyo inayoichimba. Mwaka 2003 ikaanzishwa taasisi ya taifa ya utafiti wa boroni. Wanakemia wa huko ni hodari. Kundi la Saim Özkar katika chuo kikuu cha METU, Ankara, limefanya kazi safi sana juu ya chembe za rutheni ndani ya maji, na siwezi kuizungumzia vibaya. Tatizo ni kile ambacho raia wa kawaida alikisikia: kwamba boroni ni petroli ya karne hii, na kwamba zikipatikana njia za kuitoa hidrojeni yake, nchi itauza nishati dunia nzima. Boroni haina nishati ya kuuza. Inaibeba tu. Katika mzunguko unaofanya kazi, boroni ile ile inazunguka miaka na miaka bila kupungua, na kinachonunuliwa kila siku ni umeme wa kuirudisha. Mwenye umeme wa bei ya kutupa ndiye mwenye mafuta, awe na mgodi wa boroni au asiwe nao.

Wako pia wanaotoka upande wa pili na kusema: kama ni hivyo, tufunge kitabu. Hao nao siwaungi mkono. Hukumu ya 2007 ilihusu magari. Kifaa kinachotumika mara moja, mahali ambapo uzito ni kila kitu na bei si neno, ni kesi nyingine. Ndege ndogo isiyo na rubani aina ya Puma, ya AeroVironment, ilirushwa kwa saa nyingi mfululizo kwa seli ya mafuta iliyolishwa kwa borohidridi, muda ambao betri za wakati ule zisingeufikia. Jeshi halikuuliza borati itarudi vipi. Viwanda vya dawa na vya karatasi navyo vinanunua borohidridi kila siku bila kulalamika, kwa sababu vinaitumia kama kemikali na wala si kama mafuta. Gramu chache zinafanya kazi yenye thamani kubwa. Soko hilo lipo na litaendelea kuwepo. Lakini hakuna aya ya kwanza ya makala inayosema "tunatafuta kichocheo kwa ajili ya ndege mia mbili za jeshi". Zote zinataja uchumi wa hidrojeni na hatima ya dunia.

Kwa nini basi nguvu hiyo isihamie kwenye borati, ambako vichocheo vinahitajika kwa dhati? Wapo waliokwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Toyota walionyesha kwamba borati ikipashwa moto pamoja na hidridi ya magnesiamu inarudi kuwa borohidridi. Miaka ya hivi karibuni kundi la South China University of Technology, Guangzhou, limeweza kufanya hivyo kwa borati yenye maji yake, kama inavyotoka kwenye tangi, bila kuikausha kwa moto. Hiyo ni hatua kubwa, nayo haijapata hata robo ya shangwe inayopewa unga mpya wa kobalti. Bado ina mkia: magnesiamu inageuka oksidi, na oksidi hiyo nayo inadai umeme wake ili irudi.

Njia ambayo ingemaliza ubishi ni ya kuipitishia borati umeme moja kwa moja ndani ya maji. Hataza ziliandikwa zikidai kwamba inawezekana. Mwaka 1998 Elöd Gyenge na Colman Oloman, wa University of British Columbia huko Kanada, walichapisha matokeo ya kuzijaribu njia hizo kwa makini, borohidridi hawakuiona. Sababu zinaeleweka. Borati ina chaji hasi na kathodi ina chaji hasi, kwa hiyo inasukumwa mbali. Kifungo cha boroni na oksijeni ni kigumu mno. Na maji yaliyopo pande zote yanapokea elektroni haraka zaidi, yakawa hidrojeni kabla boroni haijaguswa. Kathodi inayoweza kuipa boroni hidridi na kuyanyima maji elektroni: hicho ndicho kichocheo ambacho mtu akikipata atastahili kila sifa, na kwa ajili yake mtafiti anastahili kuvumiliwa miaka mitano bila makala.

Watafiti wa amonia borani, kampaundi nyingine ya boroni inayobeba hidrojeni, walianza vizuri. Kampaundi hiyo, iliyotengenezwa na Sheldon Shore na Robert Parry mwaka 1955, ina hidrojeni asilimia 19.6 kwa uzito. Mwaka 2011 kundi lililoongozwa na maabara ya Los Alamos lilitangaza njia ya kuyarudisha mabaki yake kwa hidrazini, ndani ya chombo kimoja. Hidrazini ni sumu na ni ghali, na waliokosoa walikosoa kwa haki, lakini swali lililoulizwa lilikuwa ndilo. Sasa tazama kilichofuata. Wale wa chupa na mrija wakahamia huko na unga wao ule ule, wakaiweka amonia borani kwenye maji, wakahesabu mapovu. Hawakujali kwamba kwa njia ya maji mabaki yanakuwa borati tena, yaani wamejirudisha kwenye ukuta ule ule, na kwamba sehemu ya nitrojeni inaweza kutoka kama amonia, ambayo huharibu utando wa seli ya mafuta.

Bandari ya Amsterdam iliagiza mashua ya abiria, Neo Orbis, iliyobuniwa kuendeshwa kwa borohidridi. Nimeifuatilia kwa hamu, kwa sababu mashua inasamehe mengi ambayo gari halisamehi: uzito si shida kubwa, maji yapo, na mabaki yanaweza kukaa ndani hadi jioni. Anayetaka kujua kama mpango wa namna hiyo una maisha asiulize kichocheo chake kina kasi gani. Aulize borati inayoshushwa gatini inapelekwa kiwanda gani, na kila kilo inayorudi imekula uniti ngapi. Ikiwa ni 24, mashua hiyo ni maonyesho. Zikishuka chini ya kumi, mimi mwenyewe nitaanza kusoma tena makala za vichocheo kuanzia aya ya kwanza.